Mtaji wa Gugu: Mhadhara Kuhusu Jenomu za Mimea Vamizi

 

Niliombwa nizungumze hapa Arusha kuhusu jenomu, na nitazungumza. Lakini nitaanza na swali aliloniuliza mama mmoja mfugaji, kando ya barabara iendayo Kisongo. Alikuwa aking'oa gugu karoti kwenye malisho ya mbuzi wake, mkono ameufunga kitambaa kwa sababu gugu lile likimgusa humtoa vipele. Akainuka, akaniambia: "Mwalimu, mimi nimezaliwa hapa na ukame wa hapa bado unanishinda. Hili limekuja juzi tu. Nani amelifundisha?"

Nilimjibu harakaharaka, na jibu langu halikuwa zuri. Nilimwambia lina mbegu nyingi. Ni kweli, mche mmoja ulionawiri waweza kutoa mbegu zaidi ya elfu kumi. Lakini mbegu nyingi za mmea usioiweza nchi hufa nyingi vilevile. Yeye hakuuliza wingi. Aliuliza ujuzi. Mhadhara wa leo ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Wengi wenu mnalijua gugu lenyewe. Majani yamekatika-katika kama ya karoti, maua meupe madogo kama punje za mchele, shina linaweza kumpita mtu mzima kimo. Wataalamu huliita Parthenium hysterophorus. Asili yake ni nchi zinazoizunguka Ghuba ya Meksiko. Kenya ililijua tangu miaka ya 1970. Hapa Arusha lilitambuliwa rasmi mwaka 2010. Likipata mvua linaweza kuchanua mwezi mmoja tu baada ya kuota. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Anayelishika siku baada ya siku hupata muwasho, na chavua yake huwakohoza watu.

Sasa, nani amelifundisha? Hakuna. Mche mmoja haujifunzi chochote cha kurithisha. Kinachobadilika ni ukoo mzima, kizazi baada ya kizazi, kwa njia moja ngumu: walioshindwa hufa kabla ya kutoa mbegu, waliobaki huzaa wanaofanana nao. Tukilitazama shamba baada ya vizazi thelathini tunadhani gugu limejifunza. Tunachokiona ni watoto wa walionusurika.

Hapo ndipo fumbo linapoanza, na fumbo hili limewasumbua watu wa taaluma yangu kwa muda mrefu. Ili wengine wafe na wengine wapone, lazima watofautiane. Bila tofauti za kurithi hakuna cha kuchagua. Tofauti hizo ndizo ninazoziita mtaji. Mmea wenye aina nyingi za jeni katika ukoo wake una mtaji mkubwa: hali ya hewa ikibadilika, kuna mahali pa kuchota. Gugu linapovuka bahari, huvuka kwa mbegu chache zilizoshikamana na gunia au gurudumu. Mbegu chache hubeba sehemu ndogo tu ya utofauti wa nyumbani, kama kijana aliyeingia mjini na nauli ya siku mbili. Kwa hesabu hiyo mmea mgeni ungepaswa kuwa dhaifu, wenye kuoana ndugu kwa ndugu, usio na akiba ya kukabiliana na nchi mpya. Na mimea mingi inayofika ugenini hufa hivyo, bila sisi kujua kwamba ilifika. Lakini ile tunayoijua kwa majina haikufa.

Februari 1964, wanabiolojia walikutana Asilomar, California, kujadili jambo hili hili: jenetiki ya viumbe vinavyohamia nchi mpya. Herbert Baker na Ledyard Stebbins walihariri kitabu cha mkutano ule, nacho kilitoka mwaka uliofuata. Ukikisoma leo unaona kwamba maswali yote makubwa yalishaulizwa. Walichokosa ni njia ya kuangalia. Wakati ule mtu aliweza kupima urefu wa shina, siku za kuchanua, idadi ya kromosomu chini ya hadubini. Jenomu, yaani maandishi yote ya urithi wa kiumbe, herufi kwa herufi, haikusomeka. Jenomu ya kwanza ya mmea ilikamilishwa mwaka 2000, nayo ilikuwa ya kimmea kidogo cha ukoo wa kabichi kiitwacho Arabidopsis thaliana.

Na hata baada ya kuweza kusoma, lilibaki tatizo la pili. Gugu unalochuma leo linakupa habari za leo. Ukitaka kujua lilivyobadilika, unahitaji babu zake. Utawapata wapi babu wa gugu?

Utawapata kwenye hebaria. Hebaria ni ghala la mimea iliyokaushwa. Mche hubanwa kati ya magazeti, ukikauka hugundishwa au kushonwa kwenye karatasi nene, na pembeni huandikwa jina, mahali, tarehe, na mtu aliyeuchuma. Kazi ya kimyakimya, isiyo na sifa. Kwa miaka mingi watu waliihesabu kuwa kazi ya wazee wenye miwani. Kumbe ndani ya jani lile kavu DNA bado ipo. Imekatika vipande vifupi, vya makumi ya herufi, na kwenye ncha za vipande kemia ya uzee imebadilisha baadhi ya herufi, C ikasomeka T. Uharibifu huo wenyewe ni msaada, kwa sababu unathibitisha kwamba kipande ni cha kale kweli na si uchafu wa mkono wa mtafiti. Vipande hivyo hukusanywa katika chumba safi mno, husomwa kwa mamilioni, kisha hupangwa juu ya jenomu kamili ya mmea wa leo, mithili ya mtu anayeunganisha barua iliyochanwa kwa kufuata nakala yake.

Mfano ninaoutaka mwuelewe vizuri ni wa binamu wa gugu karoti. Anaitwa Ambrosia artemisiifolia, nitamwita ambrosia. Mimea hii miwili ni ya tawi moja la ukoo wa alizeti, na yote miwili ni mikali kwa pua na mapafu ya binadamu. Asili ya ambrosia ni Amerika Kaskazini. Aliingia Ulaya katika karne ya 19, amejificha ndani ya nafaka na mbegu za malisho zilizouzwa ng'ambo, na mwishoni mwa karne ile alikuwa ameanza kuenea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watu milioni 13.5 barani Ulaya walikuwa wakiugua mzio wa chavua yake, kwa gharama ya takriban yuro bilioni 7.4 kila mwaka. Naitaja hesabu hiyo kwa ajili ya wale wanaodhani magugu ni habari ya jembe tu.

Mwaka 2022 kundi la watafiti, wakiwemo Michael Martin wa Trondheim, Norwe, na Kathryn Hodgins wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, lilitangaza kwamba limesoma jenomu za ambrosia 655. Kati ya hizo, 308 zilitoka kwenye karatasi za hebaria, nyingine zikiwa na umri wa hadi miaka 190. Fikirini hilo. Mtu alichuma mche Amerika kabla reli haijafika magharibi ya bara lile, akaandika tarehe, akafa. Na mche wake ukaja kutoa ushahidi katika karne ya 21.

Ushahidi ulisema nini? Nitaanza na lile linalohusu mtaji. Ambrosia wa Ulaya hakufika mara moja. Tangu mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walikuwa wameonyesha kwamba utofauti wa kijeni wa ambrosia wa kwao haupungui ule wa nyumbani Amerika, na sababu ni kwamba mbegu zililetwa mara nyingi kutoka sehemu mbalimbali. Mbegu ya kaskazini iliyozoea kiangazi kifupi na mbegu ya kusini iliyozoea joto, ambazo nyumbani zilitengwa na mamia ya kilomita, zikakutana katika shamba moja la Ufaransa. Ambrosia huchavushwa na upepo, na mche mmoja hutoa chavua kwa mamilioni. Watoto wakarithi pande zote mbili. Jenomu za mwaka 2022 ziliongeza kwamba humo ndani kuna hata jeni zilizotoka kwa spishi nyingine za jenasi hiyo hiyo, ndugu waliochanganya damu. Kijana wetu wa nauli ya siku mbili alipokewa mjini na wajomba wa kila upande, na kila mmoja akampa chochote.

Halafu kuna saa ya kuchanua. Ambrosia hupima urefu wa usiku ili kujua lini atoe maua. Kaskazini baridi huwahi, kwa hiyo anayechelewa kuchanua huuawa na jalidi kabla mbegu hazijakomaa. Kusini msimu ni mrefu. Anayewahi huchanua akiwa mdogo, akatoa mbegu kidogo, akazidiwa na jirani aliyesubiri. Amerika mpangilio huo ulitengenezwa kwa maelfu ya miaka. Ulaya ulijitokeza upya kwa muda wa karne moja na zaidi kidogo, na maeneo mengi ya jenomu yaliyohusika ni yaleyale. Mojawapo ya jeni zilizojitokeza huitwa ELF3, ambayo katika mimea mingi ni sehemu ya saa ya ndani ya kupima mchana na usiku.

Hapa naomba subira yenu, kwa maana ndipo penye utamu. Kwa nini mambo yaende haraka hivyo, na kwa njia ileile mara mbili? Chukulieni kromosomu kuwa uzi wa shanga, kila ushanga jeni moja. Mmea una nyuzi mbili mbili, moja ya mama na moja ya baba. Unapotengeneza chavua au yai, nyuzi mbili hulazwa sambamba na kubadilishana vipande, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawalingani. Sasa tuseme zamani sana kipande kirefu cha uzi mmoja kilikatika, kikageuka kichwa chini, kikashonwa tena mahali palepale. Shanga zote zipo, ila mpangilio wa kipande kile umepinduliwa. Uzi huo ukilazwa na uzi wa kawaida, kwenye kipande kile hauwezi kubadilishana vizuri. Matokeo yake shanga zote za kipande kile husafiri pamoja, fungu moja lisilovunjwa. Kama fungu limekusanya jeni ya kuwahi kuchanua, na jeni ya kimo kifupi, na jeni ya kuhimili baridi, mtoto hurithi vyote kwa mkupuo. Hahitaji kubahatisha kimoja kimoja.

Utafiti wa kundi hilo hilo uliotoka mwaka 2023 ulitafuta mafungu ya aina hiyo katika ambrosia. Kati ya maeneo ya jenomu yaliyobadilika kwa mtindo mmoja katika mabara yote mawili, yakifuata hali ya hewa, asilimia 26 yalikuwa ndani ya mafungu hayo makubwa, sehemu kubwa kuliko ukubwa wake ungetarajiwa kutoa. Na karatasi za hebaria zilionyesha mafungu yakipanda na kushuka kadiri miongo ilivyopita, fungu fulani likawa la wengi mahali ambapo zamani lilikuwa adimu.

Mama yangu wa Kisongo, hii ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu. Ambrosia hakugundua kitu kipya Ulaya. Alikuwa na vifurushi vilivyofungwa tayari, vya kaskazini na vya kusini, vilivyofungwa na mababu zake kwa muda mrefu mno. Nchi mpya ilichagua tu kifurushi cha kufungua.

Kuna ugunduzi mwingine katika zile jenomu 655 ambao mimi binafsi unanigusa zaidi. Jani linapobanwa kwenye gazeti halikauki peke yake. Hukauka na vimelea vyake, bakteria na kuvu waliokuwa wakilishambulia asubuhi ile. Watafiti walipoisoma DNA ya karatasi zile walisoma na ya wagonjwa na ya ugonjwa. Wakaona kwamba ambrosia wa Ulaya walikuwa na vimelea vichache kuliko wa Amerika, wakiwemo bakteria wa jenasi ya Xanthomonas. Wakulima wa Kagera wanalijua jina hilo kwa uchungu, maana mnyauko wa migomba huletwa na mmoja wa jamaa wa bakteria hao. Ambrosia alipoondoka kwao aliwaacha nyuma baadhi ya maadui zake. Na katika jeni za ulinzi za ambrosia wa Ulaya kuna alama za uteuzi: ukoo umebadilika pale pale ambapo vita vimepungua. Kulinda nyumba kuna gharama, hata kwa mmea. Mahali pasipo wezi, nguvu ya mlinzi yaweza kwenda shambani.

Nisiwadanganye kwamba mtaji ni urithi wa mababu wa kale kila mara. Mchicha wetu una ndugu wakorofi Marekani. Mmoja ni Amaranthus tuberculatus. Si mgeni bara lile, ni mwenyeji wa kingo za mito aliyehamia mashambani. Mwaka 2022 jenomu za karatasi 108 zilizochumwa kati ya 1828 na 2011, pamoja na za mimea ya sasa, zilionyesha kwamba jeni zinazomfaa shambani zilianza kuongezeka kwa kasi tangu miaka ya 1960, kilimo kilipozidi kutumia mashine na dawa, kwa nguvu ya uteuzi ambayo ni nadra kuiona porini. Mwingine ni Amaranthus palmeri. Huyu alimwagiwa glaifoseti, dawa ile ile tunayoiona kwenye maduka ya pembejeo hapa mjini. Dawa hiyo huua kwa kuziba kimeng'enya kimoja. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba mimea sugu ilikuwa imezidisha jeni ya kimeng'enya hicho, kutoka nakala 5 hadi zaidi ya 160, hata dawa ikawa haitoshi kuviziba vyote. Baadaye iligunduliwa kwamba nakala hizo zimekaa kwenye pete za DNA zilizo nje ya kromosomu. Hicho si kifurushi cha babu. Ni mtaji uliotengenezwa karibuni, na mkono wetu ulioshika bomba la dawa ndio uliouvuna. Kwa hiyo mkulima anayerudia dawa moja kila msimu ajue anafanya uteuzi, apende asipende.

Na kuna anayefaulu bila mtaji wowote wa maana. Wavuvi wa Ziwa Viktoria walianza kuliona gugu maji mwishoni mwa miaka ya 1980. Chini ya miaka kumi baadaye lilikuwa limefunika maelfu ya hekta, mitumbwi ikakwama bandarini. Mwaka 2010 maabara ya Spencer Barrett wa Toronto ilipima vichipukizi 1,140 vya gugu maji kutoka sehemu nyingi za dunia. Takriban asilimia 71 ya vichipukizi vyote vilikuwa mmea mmoja. Sisemi spishi moja. Nasema mmea mmoja, uliojikata na kujizaa kwa vikonyo kutoka bara hadi bara. Hapo hakuna saa ya kuchanua iliyobadilishwa kufuata nchi. Maji ni maji, na mche mmoja wenye kunyumbulika, unaofupisha au kurefusha vikonyo vyake kwa kadiri ya nafasi na virutubisho, umetosha. Tofauti hii ina uzito kazini. Adui asiyetofautiana ni rahisi kumtafutia mdudu mmoja wa kumdhibiti, na wale fukusi wa jenasi ya Neochetina walioachiwa ziwani miaka ya 1990 walichangia sana kulipunguza, wakisaidiwa na hali ya hewa ya El Niño. Gugu bado hurudi, kwa sababu tunaendelea kulilisha uchafu wa miji na mbolea za mashamba.

Mnaona basi kwa nini sikubali mtu aniambie "mimea vamizi" kama vile ni kitu kimoja. Kabla ya kuamua namna ya kupambana na gugu lazima tujue lina mtaji gani, na jenomu ndiyo daftari la kuhesabia.

Lakini daftari si shamba. Jenomu ikikuonyesha kwamba jeni fulani imeongezeka kaskazini, imekuonyesha kwamba viwili vinakwenda pamoja. Haijathibitisha kwamba jeni ndiyo inayompa mche mbegu zaidi. Kwa hilo lazima mtu apande. Robert Colautti, akiwa na huyo huyo Barrett, walifanya hivyo kwa mmea uitwao Lythrum salicaria, uliotoka Ulaya ukaenea mashariki mwa Amerika Kaskazini kwa takriban karne mbili. Walichukua mbegu za kusini na za kaskazini, wakazipanda zote katika bustani tatu, kuanzia Virginia hadi kaskazini mwa Ontario. Kaskazini, mimea ya kaskazini iliyowahi kuchanua iliishinda ile ya kusini. Kusini, mambo yakawa kinyume. Matokeo yalitoka mwaka 2013, na ndiyo yanayonipa imani kwamba hadithi tunazozisoma kwenye herufi za DNA zina udongo chini yake. Wanafunzi walio hapa, mkipewa kompyuta nzuri msisahau jembe.

Sasa narudi kwa gugu karoti, na nawaomba mnisikilize kwa makini kwa sababu hapa ndipo sera inapotuhusu.

Katika jimbo la Queensland, Australia, gugu hili liliingia mara mbili. Mara ya kwanza lilionekana mwaka 1955 karibu na mji wa Toogoolawah. Inadhaniwa lililetwa na vyombo vya kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lilikaa pale, halikutisha. Mara ya pili liliingia Clermont, katikati ya jimbo, mwaka 1960 hivi, ndani ya mbegu za nyasi za malisho kutoka Texas. Hili la pili ndilo lililosambaa na kuharibu malisho kwa maelfu ya kilomita za mraba. Wamelipima, wamelipanda bega kwa bega na lile la kwanza: la Clermont hukua kwa nguvu zaidi na hushindana zaidi. Spishi ni ile ile, na jina kwenye fomu ya karantini ni lile lile. Afisa wa forodha wa mwaka 1960 angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba gugu hili tayari tunalo, la nini kuzuia gunia?

Sentensi hiyo nimeisikia kwa Kiswahili. Nimeisikia mpakani, sokoni, na vikaoni: "Si tayari lipo?" Mbegu za nyasi zinaletwa zikiwa na takataka, marobota ya majani makavu yanavuka wilaya, mchanga wa kujengea unachotwa kwenye korongo lililojaa gugu karoti, trekta linatoka shamba moja kwenda jingine na tope lake kwenye matairi, na mtu anakuambia kwamba gugu lipo tayari. Lipo, ndiyo. Lakini mtaji wake wa leo si lazima uwe mtaji wake wa kesho. Linalomea Arusha, linalomea Ethiopia, na linalomea India, ambako lilitambuliwa Pune katika miaka ya 1950, huenda yametoka matawi tofauti ya ukoo. Kuyakutanisha ni kuyafanyia kazi ile ile ambayo wafanyabiashara wa nafaka waliifanyia ambrosia wa Ufaransa. Mimi nashikilia kwamba kuleta gugu mara ya pili ni kosa jipya, linalojitegemea, na pengine kubwa kuliko la kwanza. Sheria zetu na mafunzo ya wakaguzi wetu wa mipakani yangepaswa kuliona hivyo.

Jambo la mwisho ni langu binafsi. Mwaka 2010 na miaka iliyofuata nilikuwa napita kwenye barabara zile kila wiki. Nililiona gugu karoti likiwa mafungu machache, hapa matano, pale kumi. Nilijua ni nini. Sikuchuma hata mche mmoja. Niliona ni gugu tu, lipo tele, nani atalihitaji? Waliokuwa na busara kuliko mimi walichuma, na karatasi zao zimehifadhiwa, lakini za barabara yangu hazipo. Hakuna mashine itakayosoma jenomu ya mche ambao haukubanwa. Ile miaka ya mwanzo, wakati uteuzi ulipokuwa ukifanya kazi yake kwa kasi, kwa upande wangu imekwenda.

Tuna mahali pa kuhifadhi. Hebaria ya Taifa ipo hapa hapa Arusha. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo Nairobi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilianzia Amani, kwenye milima ya Usambara, tangu zama za Wajerumani, mwaka 1902, kisha ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Makabati hayo yalijengwa kwa ajili ya mimea ya asili na adimu, na ni sawa. Nawaomba walimu wa sekondari waliomo humu muwapeleke pia magugu. Kila mwaka, shule ile ile, mche mmoja wa gugu karoti kutoka njia ile ile. Gharama ni magazeti ya zamani, mbao mbili, kamba, na mawe ya kukandamiza. Andikeni kwa penseli au wino usiofutika: kijiji, umbali kutoka barabarani, tarehe, kimo cha mche, kama umechanua au la, na nani amechuma.

Karatasi moja nimekuja nayo, iko hapa mezani. Nilirudi Kisongo wiki tatu zilizopita, nikamkuta yule mama. Nilimweleza habari za vifurushi na shanga, naye akanisahihisha namna shanga zinavyotungwa, nami nimewaelezeni leo kwa kufuata masahihisho yake. Mche aliuchagua mwenyewe, akapita mingi, akachukua uliokuwa umechanua katikati ya kokoto ambako hakukuwa na kingine kilichoota. Jina lake limeandikwa pale chini, kwenye nafasi ya mchumaji. Mnaotaka kuuona, karibuni mbele baada ya maswali. Kitambaa kipo pembeni kwa atakayetaka kuinua jani.